Aureus, solidus au tremissis: ukitaka dhahabu moja tu ya Kirumi

Mdogo wangu anayefanya kazi Muscat alinitumia picha mbili usiku, hata salamu hakuna. Ya kwanza ilikuwa sarafu nene ya dhahabu yenye sura ya Nero, shingo imejaa kama ya mtu asiyekosa karamu. Ya pili ilikuwa pana na nyembamba, mwanamume mwenye chapeo anakukodolea macho, mkuki begani. Chini aliandika tu: “Kaka, nichukue ipi?” Asubuhi, kabla sijajibu, ikaja ya tatu, kidude cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, bei yake kama ya simu ya kawaida.

Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja, akalalamika kwamba nimemmalizia bando. Basi nimeyaandika hapa, maana najua si yeye peke yake aliyekwama.

Ya kwanza inaitwa aureus, ya pili solidus, ya tatu tremissis. Zote tatu ni dhahabu ya Dola la Kirumi na zote zina Kaisari upande wa uso. Anayekuambia kwamba moja ndiyo bora kwa kila mtu, mara nyingi ni ile aliyo nayo dukani.

Vipimo vyetu

Cha kwanza ni sura. Warumi hawakuwa na redio wala gazeti. Mtu wa Hispania au wa Syria alimjua Kaisari kwa sanamu iliyosimama uwanjani na kwa sarafu aliyoishika. Kwa hiyo uliza: picha hii inamwonyesha mtu, au inaonyesha cheo? Na upande wa nyuma unatangaza nini?

Cha pili ni uzito na usafi wa dhahabu. Cha tatu ni bei pamoja na upatikanaji. Cha nne ni feki na kuchezewa, kwa sababu dhahabu haishiki kutu. Shaba ya kale ina ule ukijani wa uzee unaomsaidia mnunuzi, lakini dhahabu ya miaka elfu mbili inaweza kung'aa kama imetoka kwa sonara jana.

Kipo na cha tano, nacho nitakisema mara moja tu kwa sababu hakibadiliki kutoka sarafu moja hadi nyingine: karatasi. Sarafu imetoka wapi, iliuzwa lini, na nani alikuwa nayo kabla. Oktoba 2020 aureus ya Brutus, mmoja wa wauaji wa Julius Caesar, ile yenye majambia mawili, kofia ya mtumwa aliyeachwa huru na maneno EID MAR, yaani tarehe 15 Machi aliyouawa Julius Caesar mwaka 44 KK, iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Machi 2023 waendesha mashtaka wa New York waliirudisha Ugiriki kama mali iliyoporwa. Ikiwa ya mamilioni ilikumbwa na hayo, yako ya dola mia nane haina kinga. Mkataba wa UNESCO kuhusu mali za kale ni wa mwaka 1970, na ndiyo maana sarafu yenye picha kwenye katalogi ya mnada ya kabla ya hapo huuzwa ghali kuliko pacha wake asiye na historia. Mimi huongeza pesa kwa ajili ya karatasi bila kusita. Sarafu nzuri isiyo na karatasi naiacha mezani.

Aureus: dhahabu ya Kaisari mwenye jina na pua

Sura. Kwenye aureus Kaisari ni mtu. Ana kidevu chake, mikunjo yake, nywele zake. Wachongaji wa mihuri ya chuma walifanya kazi kwenye duara la milimita 19 au 20 hivi, na humo waliweza kumzeesha mtu mwaka hadi mwaka.

Mfano ninaoupenda ni wa Nero na mama yake. Nero alishika utawala Oktoba 54 BK akiwa na miaka 16, na aliyemfikisha pale ni mama yake, Agrippina. Tazama aureus ya mwaka ule: mama na mwana wanatazamana pua kwa pua, na maandishi yanayowazunguka yanataja cheo cha mama: Agrippina Augusta, mke wa Claudius aliyefanywa mungu, mama wa Nero Kaisari. Jina la mwana limesukumwa upande wa nyuma. Mwaka uliofuata vichwa vyote viwili vinaelekea upande mmoja, Nero mbele, mama kajificha nyuma yake, umebaki mstari wa paji, pua na mdomo tu. Sasa maandishi ya upande wa uso ni ya Nero. Kisha mama hayupo tena. Mwaka 59 mwanawe aliamuru auawe. Mambo ya ikulu yalikuwa yanapita mikononi mwa watu kwa dhahabu, na mwenye macho aliyasoma.

Upande wa nyuma nao haukai kimya. Vespasianus alitangaza ushindi wake dhidi ya Wayahudi kwa kumchora mwanamke aliyeketi akiomboleza chini ya rundo la silaha zilizotekwa, na neno IVDAEA. Traianus alionyesha majengo aliyoyajenga. Hadrianus, aliyezunguka dola lake zima, alitoa mfululizo wa majimbo, kila jimbo mwanamke. AFRICA amevaa ngozi ya kichwa cha tembo na kushika nge. (Afrika yao ilikuwa Tunisia na majirani zake. Usije ukafikiri walimaanisha Bagamoyo.)

Tena ipo ile ya Septimius Severus, Kaisari aliyezaliwa Leptis Magna, kwenye pwani ya Libya ya leo. Upande wa nyuma mkewe Julia Domna anakutazama moja kwa moja, wanawe Caracalla na Geta wako kushoto na kulia kwake, na maneno FELICITAS SAECVLI, furaha ya zama. Ni picha ya familia ya kutundika sebuleni. Desemba 211 Caracalla akamuua Geta na kuamuru sura na jina lake vifutwe kila mahali. Mawe yalichongwa upya, lakini dhahabu ilikuwa imeshaingia mifukoni na Geta yumo humo hadi leo, ametulia kando ya mama yake.

Uzito na dhahabu. Aureus haikuwahi kutulia. Julius Caesar aliipanga arobaini kwa ratili moja ya Kirumi, gramu 8 hivi kila moja. Nero mwaka 64, mwaka ule ule Roma iliposhika moto, aliishusha hadi 45 kwa ratili, gramu 7.2 au 7.3. Caracalla akafika 50, Diocletianus 60. Kilichopungua ni uzito. Usafi ulibaki juu sana kwa muda mrefu, wakati dinari ya fedha ilikuwa inachanganywa shaba hadi ikapoteza heshima. Aureus moja ilikuwa dinari 25, na askari wa jeshi wakati wa Augustus alilipwa dinari 225 kwa mwaka, yaani aureus tisa. Kwa hiyo usidhani ni hela ya sokoni. Ilikuwa ya mishahara, ya wakubwa na ya biashara ya mbali.

Biashara hiyo ya mbali inatugusa kwa pembeni. Meli zilitoka Bahari ya Shamu zikisubiri upepo ambao sisi tunauita kusi, zikavuka hadi India kununua pilipili. Plinius, mwandishi wa Kirumi, alinung'unika kwamba India inanyonya sesterti milioni 50 kila mwaka. Aureus moja ilikuwa sesterti mia, kwa hiyo ni aureus nusu milioni. Nyingi zimefukuliwa kusini mwa India, na baadhi zina mkato wa patasi uliopita katikati ya uso wa Kaisari. Upande wetu wa bahari hali ilikuwa nyingine. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya kwanza unaoitwa Periplus unapoorodhesha bidhaa zilizoletwa pwani ya Azania, yaani pwani yetu, hadi bandari ya Rhapta, unataja mikuki, vishoka, visu na vitu vya kioo. Sarafu hazimo.

Bei na upatikanaji. Hii ndiyo ghali kuliko zote tatu. Iliyochakaa, ya Kaisari wa kawaida, huanzia maelfu kadhaa ya dola, na Kaisari aliyetawala miezi michache hupanda hadi bei ya gari au nyumba. Kumbuka thamani ya dhahabu yenyewe ni sehemu ndogo ya bei hiyo. Unalipia picha, na picha ikichakaa pesa zako nyingi zimeondoka nayo. Zilizopo sokoni hutoka zaidi kwenye hazina za zamani, kama ile ya Boscoreale karibu na Pompeii, iliyopatikana mwaka 1895 ikiwa na aureus zipatazo elfu moja zilizofukiwa na volkano ya Vesuvius. Nyingi za pale zina wekundu wa kipekee ambao watoza sarafu hulipia zaidi.

Feki na kuchezewa. Penye bei hapakosi mwizi. Carl Wilhelm Becker, Mjerumani aliyefariki mwaka 1830, alichonga mihuri kwa mkono wake akapiga sarafu zilizowalaghai mabingwa wa Ulaya. Inasimuliwa kwamba alizitia kwenye sanduku lenye unga wa chuma, akalifunga kwenye gari lake la farasi na kuondoka nalo ili zichakae njiani; mwenyewe akiita kuwatembeza wazee wake. Feki za kuyeyusha na kumimina ni rahisi kuzitambua: chini ya lenzi ya sonara utaona vitundu vidogo kama vya andazi, na herufi zina kingo laini kama sabuni iliyotumika. Zilizopigwa kwa muhuri mpya juu ya dhahabu halisi ndizo zinazoumiza. Kipimo cha kuizamisha majini kitakwambia ni dhahabu, karibu gramu 19 kwa sentimita moja ya ujazo, na wala hakitakwambia imepigwa lini.

Inamfaa nani. Mtu anayependa historia ya watu kuliko ya taasisi, mwenye fedha ya kutosha na subira ya kungoja mwaka mzima apate moja yenye sura inayosomeka. Haimfai anayenunua akiwa na wasiwasi wa kodi ya nyumba.

Solidus: dhahabu ya cheo

Sura. Constantinus, ambaye makanisani tunamwita Konstantino, alianza kuipiga mnamo 309 huko Trier, kisha ikaenea dola zima alipobaki peke yake mwaka 324. Mwanzoni sura bado ni ya mtu. Yapo matoleo ambayo macho yake yameinuliwa juu kama mtu anayesali. Lakini katika karne ya nne na ya tano kitu kinabadilika. Kaisari anageuka, anatazama mbele: chapeo, mkuki begani, ngao yenye mpanda farasi. Theodosius II, Leo, Zeno, Anastasius. Zifunike herufi kwa kidole halafu niambie ni nani. Huwezi. Wala hawakukusudia uweze. Kilichochorwa pale ni kiti, na aliyekikalia ni wa kupita.

Wapo wanaosema sanaa ilikufa. Mimi sikubaliani nao, ila ni kweli kwamba ukitoka kwenye aureus utaona kama umehama kutoka sebule ya watu kuingia ofisi ya serikali yenye picha ya rais ukutani.

Ukizoea, unaanza kuona mabadiliko madogo yenye uzito mkubwa. Mwaka 538 au 539 Justinianus aliweka mkuki chini akashika tufe lenye msalaba. Heraclius anaonekana na mwanawe, baadaye na wanawe wawili, na ndevu zake mwishoni zinafika kifuani. Halafu mnamo 692 Justinianus II anafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa: uso wa mbele anampa Kristo, yeye mwenyewe anahamia nyuma, amesimama na msalaba, na maandishi yanamwita mtumishi wa Kristo.

Wakati huohuo Damascus, Khalifa Abd al-Malik alikuwa anatafuta sarafu yake. Za mwanzo zilikuwa nakala ya solidus ya Heraclius, msalaba umekatwa mikono ukabaki mlingoti juu ya ngazi. Kisha mwaka 77 wa Hijria, 696 au 697, picha zote zikaondolewa, yakabaki maandishi matupu: dinari, gramu 4.25. Anayetoa zaka anakijua kipimo hiki hata kama hajawahi kuiona. Nisabu ya dhahabu ni dinari 20, na ishirini mara 4.25 ndiyo zile gramu 85 zinazotajwa msikitini. Jina lenyewe lilitoka kwenye denarius, ile ya fedha ya Warumi, likahamia kwenye dhahabu njiani, likatufikia sisi. Hata fulusi asili yake ni follis, shaba yao.

Uzito na dhahabu. Hapa solidus haina utani. Sabini na mbili kwa ratili, gramu 4.5 hivi, milimita 20 kwenda juu, usafi wa karibu dhahabu tupu, na ikakaa hivyo kwa zaidi ya miaka 700 hadi karne ya 11 ilipoanza kuchanganywa. Chini kabisa upande wa nyuma utakuta herufi CONOB: CON ni Constantinople, mji mkuu wa Kaisari, Istanbul ya leo, OB ni kifupi cha dhahabu iliyosafishwa, na kwa hesabu za Kigiriki herufi hizohizo ni 72.

Cosmas, mfanyabiashara wa Misri wa karne ya sita, anasimulia kisa cha Sopatros aliyefika kisiwa cha Taprobane, Sri Lanka ya leo, pamoja na watu wa Adulis, bandari ya Aksum. Mfalme wa pale akamuuliza yeye na Mwajemi mmoja: kati ya wafalme wenu, mkubwa ni nani? Mwajemi akajisifu. Sopatros akasema wote wawili wapo hapa, watazame. Akatoa dhahabu yenye Kaisari, na Mwajemi akatakiwa kutoa fedha yenye shaha wake. Mfalme akazigeuzageuza, akaamua kwa ajili ya Mrumi, na Sopatros akapandishwa juu ya tembo akazungushwa mjini kwa ngoma. Katika kisa kizima hakuna anayeuliza pua ya Kaisari ikoje.

Ndipo lilipo jambo lililonichukua miaka kulielewa: kadiri uzito ulivyotulia, ndivyo uso ulivyopoteza mwenyewe. Aureus ilihitaji Kaisari akushawishi. Solidus ilishaaminika.

Bei na upatikanaji. Zipo nyingi. Solidus ya kawaida ya Theodosius II, Justinianus au Heraclius, hali nzuri, huwa kati ya mamia kadhaa ya dola na elfu moja na ushei, na sehemu kubwa ya bei hiyo ni dhahabu yenyewe, kwa hiyo ikipanda duniani nayo inapanda. Hazina hazikauki. Mwaka 1992 huko Hoxne, Uingereza, mtu aliyekuwa anatafuta nyundo ya rafiki yake iliyopotea shambani alikuta maelfu ya sarafu, zikiwamo zaidi ya 500 za dhahabu. Nyundo nayo ilipatikana, sasa ipo jumba la makumbusho.

Feki na kuchezewa. Feki zipo, lakini balaa la solidus ni pete na mikufu. Kwa karne nyingi watu wamezivaa. Ya kwanza niliyonunua, ya Anastasius, muuzaji aliiandika “nzuri sana”. Mizani ikasema gramu 4.31, nikajipa moyo. Wiki ya pili nikaiinamisha chini ya taa ya mezani, na pale juu ya chapeo, mahali pa saa sita, nikaona ubapa mdogo unaong'aa tofauti, kama kovu lililopakwa mafuta. Kilikuwa kitanzi cha mkufu kilichong'olewa na kusuguliwa. Nilipoiuza nilipoteza theluthi ya pesa yangu. Tangu hapo sinunui bila picha ya ukingo mzima, kuizunguka yote. Angalia pia kingo zilizokatwa. Chini ya gramu 4.2 uliza maswali.

Inamfaa nani. Anayetaka dhahabu ya Kirumi yenye ukubwa wa kuridhisha bila kuuza gari. Anayependa historia ya Ukristo wa mwanzo, au anayetaka kuiweka kando ya dinari ya Bani Umayya, ukoo wa Abd al-Malik, aone mkono ulivyopokezana. Na yule anayejua kwamba siku moja huenda akaiuza, kwa sababu wanunuzi wa solidus hawakosekani.

Tremissis: ndogo, ya mwisho kwenye foleni

Sura. Hii ni theluthi ya solidus, ilianza miaka ya 380. La kuchekesha ni kwamba wakati Kaisari wa solidus amegeuka kukutazama, wa tremissis alibaki ubavu, shada au taji kichwani, kama jamaa ambaye hakupata taarifa. Nyuma ni Victoria, mungu wa kike wa ushindi, anayetembea na taji mkononi, au msalaba ndani ya shada, baadaye msalaba peke yake. Nafasi haitoshi kwa hotuba.

Uzito na dhahabu. Gramu 1.5, milimita 14 hadi 17. Usafi sawa na solidus.

Bei na upatikanaji. Mamia ya dola, mara nyingi chini ya nusu ya bei ya solidus. Zinapatikana. Tahadhari moja: Wavisigothi na Wafranki waliotwaa nchi za magharibi walizipiga wao wenyewe kwa jina la Kaisari aliye Constantinople, na Victoria wao amekuwa kama mdudu mwenye miguu ya vijiti. Wapo wanaozitafuta hizo hasa, na bei yake ni nyingine. Hakikisha unajua unanunua ya nani.

Feki na kuchezewa. Kwa kuwa ni nyembamba hupinda, na iliyonyooshwa ina mawimbi ukiiweka juu ya kioo. Makovu ya vito yapo pia. Feki za kumimina hujifichua upesi, kwa sababu herufi zenyewe ni ndogo na ukungu hauzishiki vizuri.

Inamfaa nani. Anayeanza. Mwanafunzi. Anayetaka zawadi yenye hadithi kwa mtu mmoja maalumu. Haimfai mwenye macho mabovu asiyetaka kubeba lenzi. Nasema hivyo bila dhihaka, mimi mwenyewe nimefika huko.

Na kama roho yako iko upande huu wa bahari, pana ndugu wa tremissis ambaye watu humsahau: dhahabu ya Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia na Eritrea za leo. Wafalme wa pale walianza kupiga dhahabu yao karne ya tatu, maandishi ya Kigiriki, na kichwa cha mfalme kimezungukwa na masuke mawili ya nafaka badala ya shada. Ezana alipoingia Ukristo aliondoa mwezi mwandamo na duara lake akaweka msalaba. Ni adimu na ghali kuliko tremissis ya kawaida, na suala la karatasi kwake ni zito zaidi.

Kwa hali yako

Una maelfu ya dola na unataka kumtazama mtu aliyeishi: aureus. Chagua sura nzuri iliyopigwa katikati kuliko jina kubwa lililosuguliwa. Antoninus Pius au Hadrianus mwenye ndevu zinazohesabika ni bora kuliko Nero aliyebaki kivuli.

Una elfu moja na ushei na unataka kitu ambacho ukikichoka kitauzika: solidus, yenye uzito kamili, ukingo haujaguswa, risiti mkononi.

Unafikiria dhahabu kama akiba tu, picha hazikuhusu: usinunue hata moja kati ya hizi. Nunua dhahabu ya kawaida kwa sonara au benki, hutalipia nyongeza ya historia usiyoihitaji.

Bajeti yako ni ya mamia na unaogopa kukosea: tremissis, lakini ununue kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa mali na anayeandika dhamana ya uhalisi isiyo na kikomo. Ukikosea, umekosea kidogo.

Uko nchi kama Italia, Ugiriki, Uturuki au Misri na mtu anakupa ya bei poa aliyoitoa shambani: ondoka. Sheria za huko ni kali, na uwanja wa ndege si mahali pa kujifunza historia ya sarafu.

Huna pesa hiyo, au unayo lakini ada ya shule iko mbele: unayo macho. Makumbusho ya Uingereza yameweka maelfu ya picha za sarafu hizi mtandaoni bure, upande wa uso na wa nyuma. Aliyeko Washington aende Dumbarton Oaks kwa solidus. Aliyeko Ujerumani au Luxembourg apande treni hadi Trier, mji uleule ambako Constantinus alianzia. Mwaka 1993 wachimbaji wa msingi wa jengo walikuta hapo aureus zaidi ya 2,500, kilo 18 na nusu za dhahabu, na sasa zote zipo kwenye jumba moja la makumbusho. Mimi nilisimama mbele ya kile kioo hadi mlinzi akaja kuniuliza kama niko sawa.